Wimbo wa Kuoshea Mapacha

Buhare, Musoma
14 Februari 2024

Shemeji Hilda,

Naanza na neno lenyewe kabla ya salamu, maana najijua: nikitanguliza salamu nitamaliza karatasi kwa salamu. Tangu Agosti 1991 nimeficha jambo. Ninamfahamu mtu aliyempelekea Mchungaji Mwandu habari ya wimbo wa dada yako Tabitha. Hukuwa wewe. Nimejua hivyo miaka yote thelathini na miwili, na sikusema.

Sasa nakusalimu. Natumaini wewe na wajukuu mnaendelea vizuri hapo Kisorya. Mimi niko Buhare kwa mwanangu Wankyo tangu Oktoba, ili niwe karibu na hospitali. Ugonjwa ulianzia kwenye tezi dume na sasa umeingia kwenye mifupa. Daktari ni kijana, angeweza kuwa mwanafunzi wa mwanafunzi wangu. Hakuzunguka, akaniambia ni miezi, si miaka. Kutoka kitandani hadi kibarazani ni hatua kumi na tisa na ninapumzika mara mbili. Mkono wa kuandika bado unanitii. Wankyo anafundisha hapa mjini. Pacha wake, Gabriel, yuko Butiama na ng'ombe wake na kelele zake. Wengine wanne wapo salama huko waliko.

Nilikupigia simu mara tatu mwezi uliopita. Mara zote ulikata. Sikulaumu.

Tarehe 14 Desemba watoto watalijengea kaburi la mama yao na kusimika msalaba. Wamenipa kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa siku hiyo. Ule wa mazishini mwaka juzi ulikuwa nusu ukurasa: alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alijaliwa watoto sita, aliugua, alifariki. Ungeweza kubadilisha jina ukamzikia mtu yeyote. Hakuna palipoandikwa kwamba Tabitha alitunga nyimbo arobaini na saba. Idadi ninayo kwa sababu mimi ndiye niliyeziandika kwa noti za solfa. Yeye hakujua kusoma solfa mpaka anakufa.

Utoto wake sikuuona. Umebaki wewe tu wa kuusimulia. Niandikie, nami nitakuandikia jina la mtu yule.

Shemeji yako,
Mugeta

---

Kisorya
3 Aprili 2024

Bwana Mugeta,

Barua yako nimeipata juzi. Mwanangu Masatu aliisahau ndani ya gari, chini ya makreti ya sato, wiki sita. Inanuka, lakini nimeisoma.

Sisi tupo. Magoti yananisumbua kwenye kupanda ngazi za kanisa, kwa hiyo nasalia nje na wenye watoto wachanga. Ziwa limepanda, limemeza choo cha jirani, sasa anakuja kuomba kwetu asubuhi na gazeti lake. Binti yangu wa Bunda tembo wamemlia mahindi yote, wakamwachia kinyesi. Hizo ndizo habari.

Simu yako sitapokea. Nikisikia sauti yako naiona siku ya mazishi. Nilifika Butiama saa tatu asubuhi na kitenge changu cheusi na kapu la sangara wa kukausha, wa msibani. Gabriel akanifuata barabarani kabla sijaingia uani. Akaniambia, "Mama mdogo, mama aliacha neno. Alisema usimzike. Tafadhali usituletee fujo." Mtoto niliyemfundisha kula ugali. Nikakaa kwenye benchi la muuza duka ng'ambo ya barabara mpaka nikasikia wanaimba wimbo wa kaburini. Yule muuza duka akaniuliza, "Mama, unasubiri gari?" Nikamwambia ndiyo.

Halafu wewe unaniandikia kama muuza samaki mwizi: unaonyesha kichwa, mkia umeufunika. Ati nikupe utoto wa dada yangu ndiyo unipe jina. Haya, nakupa, kwa sababu ni wa dada yangu, siyo wako.

Tabitha aliachia shule darasa la nne. Hakuwa mjinga. Bibi yetu alikuwa mkunga wa mapacha, anaitwa kila mahali, hadi ng'ambo Ukerewe, na macho yalishaanza kufifia. Mtu mmoja alitakiwa amshike mkono. Tabitha akashika. Mimi nilipokua kidogo nikawa wa kubeba kibuyu cha maji. Tulikuwaga tunaingia ndani na wanawake, wanaume wanatolewa nje mbali kabisa, hata baba mwenye watoto. Ndipo Bibi anaimba wimbo wa kuoshea mama na mapacha wake. Wimbo ule unamtukana baba wa mapacha. Unataja kila alichonacho chini ya mkanda, na ukubwa wake, na uvivu wake. Mama aliyejifungua anacheka mpaka anasahau anakoumia, na akicheka hivyo ndipo anamwagiwa maji. Ndiyo kazi ya matusi yale. Mwanamume haelezwi. Hata mimi sasa nakueleza kwa sababu nimezeeka na nimekasirika.

Tabitha aliichukua sauti ile akaipunguza mwendo, akaweka maneno ya ubatizo, ikawa "Tumeoshwa". Nilikuja kwenu Pasaka ya 1991, nikaisikia kanisani. Nilificha uso kwenye kanga, nacheka nalia. Yeye yuko mbele anaongoza kwaya, uso mkavu kama shemasi. Baada ya ibada akanivuta pembeni.

"Umeitambua?"

"Bibi akifufuka atadai fungu lake."

"Usiseme."

"Nimwambie nani huku kwenu? Hawa hata ngoma ya kwetu hawaijui."

Kwa hiyo tulikuwa wawili tunaojua. Agosti mchungaji anamsimamisha mbele ya watu wote kwa wimbo huo. Yeye hakusema, kwa hiyo ni mimi. Dada yangu alipiga hesabu hiyo, akaacha kusema nami, na mimi mwenyewe niliipiga nikaona imekaa sawa. Nikaanza kujichunguza. Nikafikiri labda niliropoka usingizini, mume wangu Baltazari akasikia, akaenda kuropoka kwenye pombe. Alikuwa mnywaji, unajua. Miaka kumi na mitatu nilimwekea chakula bila kusema naye neno zaidi ya "chakula hicho". Alikufa 2004 akiniapia kwamba hajui wimbo wowote.

Jina.

Hilda

---

Buhare
21 Aprili 2024

Shemeji Hilda,

Nashukuru kwa barua. Mvua hapa haijakatika, na maumivu ya kiuno yanafuata mvua. Wankyo anakusalimu, ingawa hajui ninakuandikia nini. Anadhani ni mambo ya wasifu tu.

Pole kwa habari ya Baltazari. Sikuijua. Nimeisoma mara nyingi.

Jina uliloliomba ni Mzee Mwikwabe, aliyekuwa mzee wa kanisa letu. Ndiye aliyekwenda kwa mchungaji. Alifariki mwaka 2009, tumwachie Mungu.

Nakutumia kipande cha wasifu nilichokwisha kuandika, uniambie kama kinamfanana:

"Tabitha alitungia kwenye ungo. Alikaa jikoni, ungo magotini, akapanga punje kwa mistari minne. Mahindi yalikuwa sauti ya kwanza, maharage ya pili, choroko ya tatu, na mbegu za pamba besi. Pale sauti inapopanda, aliisogeza punje juu kwa kidole. Inapokaa kimya, aliacha nafasi. Watoto walijua kwamba ungo ukiwa hivyo haupetwi, hata kama njaa inauma. Mumewe aliporudi kutoka shuleni alikaa kando yake na kalamu, naye akamwimbia kila mstari mpaka ukaandikwa. Aliwafundisha wanakwaya bila kitabu. Waliokuwa wagumu aliwapa kazi: mtu wa besi alipewa mchi atwange, na besi ikamwingia kwenye mikono kabla ya kuingia kichwani. Mumewe alipohamishiwa shule za mbali kwa miaka saba, alilima ekari tatu za pamba, akawavusha watoto sita, na kila mtoto alimtungia wimbo wake wa kuamshwa asubuhi. Hakuna mtoto aliyeamshwa kwa wimbo wa mwenzake."

Naomba maoni yako.

Mugeta

---

Kisorya
30 Juni 2024

Mugeta,

Habari za huku: Masatu amepata mtoto wa kike, wamempa jina langu bila kuniuliza. Nimelazwa Bunda siku nne kwa presha. Wenzangu wodini walikuwa wananiuliza nasoma nini kila saa, nawaambia ni barua ya mzee mmoja mwongo.

Kipande chako ni kizuri. Kimemfanana. Ulikuwaga unaandika vizuri siku zote, na hiyo ndiyo inayonitisha.

Nimemchunguza Mwikwabe wako. Nilimtuma Masatu akaulize kwa watu wa kwaya ya zamani. Mwikwabe alikuwa mtu wa Tarime, alikuja Butiama na mke wa Tarime, Kisorya hakuwahi kufika hata kununua dagaa. Alikuwa na tatizo la masikio. Huyo ndiye aliyetambua wimbo wa ndani wa wanawake wa kwetu, tena umepunguzwa mwendo, tena una maneno ya Yesu? Mtu asiyesikia kengele?

Na kama alimpelekea mchungaji habari, nani alimpelekea yeye?

Nimekaa wodini nikaanza upya ile hesabu ya dada yangu. Tulikosea mahali pamoja. Tulisema wanaojua ni wawili kwa sababu mwanamume haelezwi. Lakini Tabitha alijifungua Wankyo na Gabriel mwaka 1972. Bibi alikuwa amekufa. Mama alikuwa mgonjwa. Mimi nilikuwa Ukerewe na tumbo langu. Kanisa lenu lilikuwa limekataza mambo ya mapacha. Sasa mama wa mapacha aliyekuwa anamshika bibi yake mkono, angekubali kukaa bila kuoshwa? Tabitha? Alijiosha mwenyewe, na aliimba. Na nani alikuwepo ndani ya nyumba ile kumletea maji?

Nijibu ndiyo au hapana. Usinitumie wasifu tena.

Hilda

---

Buhare
12 Agosti 2024

Shemeji Hilda,

Ndiyo.

Ningetaka kuishia hapo lakini nakuomba subira kidogo, maana ndiyo haitoshi. Mwikwabe nimemsingizia. Nilimchagua kwa sababu hawezi kujibu.

Ilikuwa siku ya tisa baada ya kujifungua. Nilimpelekea maji ya moto nyuma ya nyumba, kwenye uzio wa mabua. Nikamsikia anaimba na kucheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini. Akanieleza wimbo wote, neno kwa neno, akinielekezea mimi kama baba wa mapacha, na tukacheka sote mpaka akashika tumbo. Akasema, "Hukupaswa kuujua. Sasa umekuwa mwanamke mwenzetu, nyamaza." Nikanyamaza miaka kumi na tisa.

Kwa hiyo alipoleta "Tumeoshwa" niliitambua kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Niliiandika kwa solfa nikiwa najua.

Nilijiambia miaka mingi kwamba niliogopa aibu. Mwaka ule mashindano ya kwaya yalikuwa Bunda, na watu wa Kisorya wangejaa pale. Bibi mmoja angeitambua sauti, na kwaya yetu ingekuwa kichekesho cha jimbo zima. Hivyo ndivyo nilivyomwandikia mchungaji: kwamba naomba alinde kanisa, na kwamba jina langu lisitajwe. Niliandika kurasa mbili, kwa mwandiko wangu bora. Akanitunzia siri mpaka alipokufa.

Lakini nimefundisha watoto miaka thelathini na nane na najua sura ya jibu lililonakiliwa. Ukweli ni huu. Mimi ndiye niliyeanzisha kwaya ile. Nilikwenda kozi ya muziki, nina cheti. Mwaka 1989 wanakwaya walikaa kikao, wakasema mwalimu awe Tabitha, na mimi niwe mlezi. Mlezi ni mtu wa kukaa kiti cha mbele na kupigiwa makofi. Watu waliokuwa wanalala nikiwafundisha, kwake walikuwa wanakuja kabla ya muda. Kisha ikaja habari kwamba kwaya itakayoshinda Bunda itakwenda Mwanza kurekodi nyimbo za redio, na kwenye fomu palikuwa na mstari wa mtunzi na mwalimu. Waliniletea mimi fomu niijaze kwa sababu nina mwandiko mzuri. Niliandika jina la mke wangu sehemu mbili. Mlezi hakuwa na mstari.

Barua kwa mchungaji niliiandika jioni ileile, kwa kalamu ileile.

Kilichofuata unakijua kwa kusimuliwa tu. Mimi nilikuwepo. Mchungaji alimsimamisha mbele, akamuuliza kama sauti ya wimbo ule imetoka kwenye matusi ya mapacha. Angeweza kukataa, hakuna ambaye angethibitisha. Alisema, "Ndiyo, mchungaji. Bibi yangu aliwaoshea watu kwa wimbo huo. Sikuona kwamba Bwana atachukia kuoshwa." Watu wakacheka, si kwa ubaya, na kicheko hicho ndicho kilichomkasirisha mchungaji. Alitengwa meza ya Bwana mwaka mzima na akaondolewa kwenye kwaya. Bunda niliwapeleka mimi, na wimbo nilioutunga mimi. Tulikuwa wa tisa kati ya kwaya kumi na moja. Asubuhi ya safari alinipigia pasi suti na kunifungia mihogo.

Hakutunga tena wimbo wa kanisa. Jumapili alikaa benchi la nyuma, akifungua mdomo bila kutoa sauti. Niliweza kumwona kutoka mbele, miaka thelathini na mmoja.

Mwezi ule wa Agosti aliniuliza, "Ni Hilda?" Nikamjibu, "Nani mwingine anajua?" Sikusema ndiyo. Nilijivunia kwamba sikusema ndiyo.

Mugeta

---

Kisorya
9 Oktoba 2024

Mugeta,

Sina salamu. Sikujibu mapema kwa sababu kila nilipoanza niliandika matusi ya Bibi, yale ya chini ya mkanda, na nikaona nakuheshimu bure, maana yale huimbiwa baba wa watoto anayependwa.

Nilikwenda kwenye kaburi la Baltazari. Nilikaa chini pale. Nilimwambia, "Haikuwa wewe." Unajua ni upumbavu kiasi gani kumwambia mtu hivyo akiwa amelala chini ya mihogo? Miaka kumi na mitatu alikuwa akirudi ziwani anasimama mlangoni kwanza, anaangalia uso wangu kama leo nitasema naye. Huyo siyo wa kwenye barua yako, humjui. Lakini yumo kwenye hesabu yako.

Sikiliza sasa. Unasema ulimwandikia mchungaji kwa sababu ya mstari kwenye fomu. Nakuamini. Wanaume wameua kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini usije ukafikiri dada yangu alikuwa mjinga aliyekupigia pasi suti kwa kutokujua kitu. Tabitha alikuwa anakupenda. Aliniambia Pasaka ileile, kabla ya yote, tunapeta mchele: "Mwalimu wangu anaandika ninavyosikia kichwani, hakosei hata nafasi ya kupumua. Nani mwingine ana mume wa hivyo?" Aliona ninyi wawili mnatunga pamoja. Ungemwambia uweke jina lako kwenye fomu ile, angeliweka juu ya lake. Hukuomba.

Nataka mambo mawili.

La kwanza, waambie watoto. Siyo baada ya kufa. Nataka niingie uani tarehe 14 Desemba kwa miguu yangu, Gabriel akinishika mkono, nisimame kwenye kaburi la dada yangu kama mtu wa kwao.

La pili ni dogo kwako lakini mimi limeninyima usingizi tangu mazishi. Nimeshakubali kwamba alikufa na kinyongo na mimi, kwa sababu ya kazi yako. Hilo limepita. Lakini nataka kujua alivyolisema lile neno, kwamba nisimzike. Alilisema siku gani? Alikuwa amelala au amekaa? Alisema "Hilda" au alisema "yule"? Alilia? Wewe ulikuwepo. Niandikie alivyosema, neno kwa neno, kama ulivyokuwa unaandika nyimbo zake. Hata likiwa baya. Nikilijua lilivyo nitaweza kulibeba.

Hilda

---

Buhare
18 Novemba 2024

Shemeji Hilda,

Barua yako ilifika tarehe kumi na moja Oktoba, Masatu aliileta mwenyewe mpaka kitandani. Alinisalimu vizuri, akaniita baba mkubwa. Imenichukua zaidi ya mwezi kuijibu. Sehemu ya muda huo nilikuwa hospitali, lakini si yote.

Siwezi tena kukaa. Naandika nimelala, ubao wa chapati wa Wankyo ukiwa kifuani, na mistari inaniponyoka. Utanisamehe mwandiko.

La kwanza nimelifanya nusu. Jumapili niliwaita Wankyo na Gabriel nikawaeleza habari ya barua kwa mchungaji. Gabriel aliniuliza swali moja tu: "Na wimbo wangu wa kuamshwa uliuandika?" Nikamwambia ndiyo, zote sita zimo kwenye daftari. Akaenda kulichukua daftari kabatini, akaondoka nalo Butiama. Wankyo ananipa dawa kwa wakati, ananigeuza ubavu, ananikata kucha. Hasemi nami. Nimeielewa sasa ile "chakula hicho" yako. Wameniondolea kazi ya wasifu, atausoma Wankyo. Ni sawa.

Nasema nusu kwa sababu nilipofika kwenye swali lako la pili nilinyamaza, hata mbele yao. Sasa naandika nakala tatu za barua hii, moja yako, moja ya kila pacha. Masatu anaondoka kesho na ya kwako na ya Gabriel. Ya Wankyo nimeiweka chini ya kikombe changu, ataikuta akija kukichukua.

Umeniomba neno kwa neno.

Tabitha alilala kitandani siku kumi na moja kabla ya kufa, nyumbani Butiama, akili yake ikiwa timamu. Watoto walikuwa wanapokezana, lakini mchana wa jua kali walitoka, tukabaki wawili. Siku ya tatu aliniambia, akiwa amekaa, ameegemea ukuta, "Baba Wankyo, mwandikie Hilda aje. Kama alisema, alisema. Tumekuwa wazee. Nataka anioshe yeye." Nikasema nitaandika.

Siku ya tano aliuliza, "Umeandika?" Nikasema nimeandika.

Siku ya nane alikuwa amelala. Aliuliza kama umejibu. Nilikuwa nimekaa karibu naye, na niliona jinsi itakavyokuwa: utaingia chumba kile, utamwambia tena siyo wewe, naye sasa hana hasira ya kumziba masikio. Mngeanza hesabu yenu upya, nami nimekaa katikati. Nikamwambia umejibu kwamba huji. Akasema, "Ana haki." Akageukia ukutani. Hakutaja jina lako tena mbele yangu.

Alipofariki, Gabriel aliniuliza kama mama aliacha neno lolote. Nilijua utakuja kwenye mazishi. Nilijua ukifika uani utauliza mbele ya watu kwa nini hukuitwa. Nikamwambia Gabriel kwamba mama yake amesema usimzike.

Hakulisema, Hilda. Hakulisema siku yoyote, amelala wala amekaa. Neno lile ni langu. Dada yako aliomba uje, na mimi sikukuandikia.

Mugeta